Kitovu Hakimngoji Mwenyekiti

Mara ya tatu Yustina aliporudi kutoka ofisi ya kijiji, alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akavua ndala moja. Ya pili aliiacha mguuni. Nguvu zilikuwa zimebaki za ndala moja tu.

"Wamesemaje, Bibi?" aliuliza Tekla, mke wa mjukuu wake, aliyekuwa akipepeta mtama huku tumbo limemtangulia kama mgeni mwenye haraka.

"Wamesema nirudi."

"Si hata juzi walisema hivyo?"

"Ndiyo maana leo nimewaelewa upesi."

Yustina alikuwa na miaka sabini na minne kwa hesabu ya kadi ya ubatizo, na kama tisini kwa hesabu ya magoti. Kutoka ofisini hadi nyumbani si mbali, lakini Oktoba ya Isangilo haina huruma, na kila pikipiki inayokwenda Ulyankulu humpita mtu ikimwachia vumbi la kutosha kupandia mbegu. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja ambao mtu huuondoa kwa uji. Ulikuwa uchovu wa kubeba kitu miaka arobaini bila kupata mahali pa kukitua.

Kitu chenyewe kilikuwa jiwe. Nyuma ya kijiji, pale ilipopita njia ya zamani ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji, kuna kilima, na ubavuni mwa kilima kuna jiwe kubwa lenye ufa, na ndani ya ufa kuna maji yasiyokauka hata mwaka wa njaa. Wanawake huliita Jiwe la Wazazi. Zamani wapagazi walipokwenda na mizigo, wake zao walitembea nyuma na masufuria, unga na watoto. Mwanamke akishikwa na uchungu njiani, msafara haukumngoja. Pembe za ndovu zilikuwa na haraka kuliko mtoto. Basi wenzake wawili watatu waliachana na msafara, wakampeleka kwenye jiwe, akajifungua hapo, na kitovu kilipodondoka wakafuata njia kuwasaka waume zao. Ili mzazi aliyeachwa nyuma asipotee, walichora njia ile ukutani mwa jiwe kwa udongo mweupe na ngeu, yaani udongo mwekundu, akaikariri, kisha wakafuta ili asiione asiyehusika.

Mchoro huo Yustina alifundishwa na bibi yake. Katika ukoo wao, mtoto akizaliwa, huchorwa ukutani ndani ya chumba cha mzazi. Wanaume hawauoni. Siku kitovu kikidondoka, mwanamke wa nyumba ile huufuta kwa kiganja chenye maji. Hauchorwi bila mtoto mwenye kitovu, wala haubaki baada ya kitovu. Tangu wanawake waanze kujifungulia zahanati, Yustina hakuwahi kusikia nyumba nyingine inayochora. Aliamini amebaki peke yake, kama jino la mwisho: halitafuni kitu, ila kung'oka linaogopa.

Sasa kuna mwekezaji wa kokoto. Anataka kilima chote, na jiwe ndani yake. Amekuja na ramani yenye rangi na mihuri. Mwenyekiti wa kijiji, Xavery, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda mihuri.

"Shikamoo, mama," alikuwa amemwambia asubuhi ile.

"Marahaba. Jiwe letu vipi?"

"Mama Yustina, mimi sikatai. Lakini mwekezaji ana ramani, ninyi mna maneno. Kamati inakaa Alhamisi ya wiki ijayo. Leteni kitu kinachoonekana kwa macho."

"Xavery, wewe mwenyewe ulizaliwa pale. Mimi ndiye niliyekukata kitovu. Kitu cha kwanza ulichofanya duniani ni kulikojolea lile jiwe."

Wajumbe wawili waliokuwa wakinywa kahawa ukumbini walicheka hadi mmoja akapaliwa. Xavery akafungua daftari ambalo halikuwa na haja ya kufunguliwa.

"Hilo nalo si la kuonekana kwa macho, mama. Rudi Alhamisi."

*

Jioni ile ile alikuja Taghreed, mwalimu wa darasa la nne, binti wa mzee Muhanna mwenye duka la nguo Gongoni, mjini Tabora. Alikuwa na miaka miwili Isangilo na bado alitembea akikwepa vumbi, jambo lililowafurahisha watoto sana. Alimpenda Yustina kwa sababu Yustina hakumpongeza kwa lolote.

"Bibi, nimesikia mambo ya ofisini. Hebu angalia hii." Akamsogezea simu.

Kwenye kioo kulikuwa na wanawake weusi, watu wazima, wameketi chini mchangani kukizunguka kitambaa kikubwa kama uwanja wa nyumba. Kila mmoja alikuwa na kopo la rangi na kijiti. Kitambaa kilijaa miduara, mistari na vitone maelfu kwa maelfu, kama mtu amemwaga ulezi wa rangi zote.

"Wa wapi hawa? Mbona wamekaa kama sisi tukichambua karanga?"

"Australia, jangwani. Waaborijini, wenyeji wa kule wa tangu na tangu. Wanachora nchi yao. Huu mduara ni kisima. Hii mistari ni safari za mabibi zao wa kale, mahali walipopita, walipocheza, walipochimba mizizi. Kuna mahali pa wanawake tu, na michoro yake wenye haki nayo ni wanawake."

Yustina alivuta simu karibu na pua. "Na hii?" Alionyesha alama iliyopinda kama kwato la ng'ombe.

"Bahatisha."

"Huyu amekaa."

Taghreed akashtuka. "Umejuaje?"

"Mwalimu, ukikaa mchangani ukainuka, unaacha nini? Si makalio yako?" Tekla alicheka akashika tumbo. "Mtu yeyote aliyewahi kuwa na makalio angejua."

"Sikiliza basi, Bibi. Baadhi ya wenyeji wa kule walipodai ardhi yao, walichora kitambaa wakakitandaza mbele ya waliokuja kuamua. Wakasimama juu ya mchoro, kila mtu mahali pake, wakasema: hapa ni petu. Kikahesabika kuwa ushahidi."

Kuku akapita, akamdonoa Yustina kidole cha mguu, hakusogea.

"Na wanaume je? Hawakuona yasiyo yao?"

"Nimesoma kwamba vitone vingine vinafunika. Siri ipo chini, vitone juu."

"Eee!" Yustina alimrudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kikombe cha mwenyewe. "Hao wana akili. Ningekuwa na magoti ningekwenda kuwaamkia."

Kesho yake Taghreed alipanda basi kwenda mjini, akarudi na yadi nne za kitambaa cheupe kizito ambacho baba yake mpaka leo anakiita merikani, kwa jina la enzi za misafara. Yustina alikitandika magotini, akakipima kwa macho.

"Kinanitosha sanda."

"Bibi!"

"Nasema kinatosha tu. Sijasema kesho." Akakikunja. "Lakini sichori."

"Kwa nini tena?"

"Mtoto yuko wapi?"

Alimweleza sheria. Taghreed alisikiliza, akageuka kumtazama Tekla. Yustina naye akamtazama. Tekla aliinua ungo akajificha uso.

"Msinitazame hivyo. Mimi si mashine ya kukoboa, mtu unabonyeza inatoa."

Mtoto alitoka Ijumaa, zahanati, msichana, mwenye sauti ya mnadani. Siku sita kabla ya kikao. Yustina alipoletewa mikononi hakutazama uso kwanza. Alifunua kanga akatazama kitovu: kibichi, kimefungwa vizuri, kina siku zake.

"Karibu, mjumbe," alisema. "Una kikao Alhamisi."

*

Alichora kwa asubuhi tatu. Mjukuu wake Raymundi, baba wa mtoto, alihamishiwa jikoni na godoro lake bila maelezo. Merikani ilitundikwa ukutani chumbani kwa mzazi, kwa misumari minne.

"Si ulisema ni ukutani, Bibi?" Taghreed aliuliza. Alikuwa sakafuni anasaga ngeu juu ya jiwe, mikono myekundu hadi kiwiko.

"Kwani hapo nimetundika wapi? Darini?"

Alikaa juu ya debe, akatumia kijiti cha mti wa msiwa alichokitafuna ncha hadi kikawa brashi. Udongo mweupe, ngeu, masizi ya sufuria. Akapaka mduara wa maji. Akapaka njia ya wapagazi, imenyooka kama amri, na njia ya wanawake, inayopinda kufuata kivuli. Akapaka wanawake waliokaa, mmoja mmoja. Kila baada ya mstari alipumzika muda mrefu kuliko alivyochora. Bega lilimuuma, jicho la kushoto lilitoa machozi yasiyo ya huzuni. Mara nyingine alilala akiwa amekaa, kijiti mkononi, na Taghreed akakaa kimya mpaka kichwa cha mzee kinyanyuke chenyewe na mkono uendelee pale pale ulipokomea.

Mwisho alipaka alama moja katikati, ambayo hapa haitatajwa. Alipomaliza akachovya kijiti kwenye udongo mweupe, akaifunika kwa vitone, tone kwa tone, hadi haikuonekana.

"Sasa wanaume waje watazame wapasuke," alisema, akalala mchana kutwa.

Alhamisi walikikunja kitambaa kwa adabu, wakatembea hadi ofisini chini ya jua, Tekla na mtoto mgongoni, Taghreed na kitambaa kichwani, Yustina na fimbo. Ofisi ilikuwa na kufuli. Kwenye mlango kulikuwa na karatasi.

Taghreed alisoma: "Kikao kimeahirishwa hadi Jumanne. Mwenyekiti yuko msibani Sikonge."

Yustina alikaa kwenye ngazi ya ofisi. Msiba ni msiba, huwezi kumlaumu mfu. Akamwomba Tekla mtoto, akafunua kanga, akatazama. Kitovu kilikuwa kimeshaanza kunyauka, cheusi, kinaning'inia upande mmoja kama kitasa kibovu.

"Hiki hakifiki Jumanne," alisema.

Kuanzia hapo nyumba nzima iliishi kwa kutazama tumbo la mtoto. Tekla alimwogesha kama anaosha yai. Raymundi, ambaye hakuambiwa chochote, aliuliza mara moja kwa nini wanawake watatu wanamfunua mtoto wake kila saa, akajibiwa kwamba ni mambo ya joto, akaridhika, kwa kuwa wanaume hupenda jibu fupi.

"Kwani hakiwezi kufungwa na plasta?" Taghreed alinong'ona Jumamosi.

"Nesi amesema kiachwe kikavu, wazi," Tekla alijibu.

"Siku tatu tu."

"Mwalimu," Yustina alisema akiwa amefumba macho, "mikutano huahirishwa. Kitovu hakimngoji mwenyekiti."

Kilidondoka Jumapili, kabla Raymundi hajarudi kutoka misa. Tekla alikikuta kwenye kanga. Alikishika kwa vidole viwili akasimama mlangoni, na machozi yakawa yanamshuka kabla hajafungua mdomo.

"Bibi, tuseme bado. Nani atajua?"

Yustina alitazama kitambaa, asubuhi zake tatu, bega lake. Alijua kikifutwa hataweza kukirudia. Alijua pia kwamba kisipofutwa hakitakuwa mchoro wa Jiwe la Wazazi tena. Kitakuwa picha tu, kama ya kalenda, na picha ya kalenda haiwezi kulinda jiwe lolote.

"Mtoto atajua," alisema. "Nipe maji."

Akachovya kiganja, akaanza juu kushoto. Taghreed alitoka nje, akasimama kwenye ua wa mihogo akiwa ameipa nyumba mgongo. Yustina alipofika katikati alifuta polepole zaidi. Alipomaliza, merikani ilikuwa na doa moja kubwa la rangi ya chai ya maziwa, na mkono wake ulikuwa wa rangi hiyo hiyo hadi kifundo.

*

Jumanne watu walijaa. Wajumbe walikaa kwenye mabenchi, mwekezaji alimtuma kijana na ramani, na wanawake walisimama mlangoni na madirishani wakiwa na watoto wao. Mtendaji wa kijiji, Siwema, mwanamke wa miaka arobaini aliyehamia kutoka mjini mwaka uliopita, alikuwa mezani na faili lake.

Yustina hakutaka kwenda. Alikwenda kwa sababu alikuwa ameahidi. Alitandaza merikani sakafuni mbele ya meza, akashika fimbo kwa mikono miwili.

Xavery aliinama, akazunguka kitambaa, akarudi alikoanzia. "Mama, hii ni nini?"

"Ushahidi."

"Mimi naona doa."

"Ndiyo. Mmechelewa."

Kicheko kilianzia kwa wajumbe kikatoka hadi nje. Kijana wa mwekezaji alipiga picha lile doa kwa simu. Yustina alieleza kwa kifupi: mchoro, mtoto, kitovu. Hakupamba. Alipofika mwisho, sauti ilikuwa imemwishia.

"Kwa hiyo," Xavery alisema taratibu, na safari hii hakucheka, "ulikuwepo ukafutika. Sasa tuandike nini, mama? Na aliyekuwa anaujua ni wewe peke yako?"

"Ni mimi peke yangu," Yustina alisema. Akainama kukunja kitambaa. Magoti yalikataa, akabaki katikati, si chini si juu.

"Si kweli."

Sauti ilitoka dirishani. Alikuwa Adelina, mwanamke wa upande wa Ulyankulu, mfuga nyuki, ambaye Yustina alimjua kwa asali tu. "Mayu, mama yangu, samahani kukukatiza. Hata mimi naujua. Mama alinifundisha. Nilidhani nimebaki mwenyewe."

"Muongo," alisema mwanamke mwingine mlangoni. "Ninao mimi. Nimemchorea binti yangu mwaka jana."

"Wewe? Wa ukoo gani, wewe?"

Ikawa vurugu. Wanawake watano, sita, kila mmoja anadai ndiye wa mwisho, kila mmoja amekasirika kukuta wenzake. Siwema aligonga meza kwa muhuri.

"Nyamazeni! Ni jambo rahisi. Kila mmoja aingie peke yake achore. Ikifanana, tumemaliza."

"Hauchorwi bila mtoto mwenye kitovu," Yustina alisema. "Udongo na ngeu ndiyo sheria yake."

Xavery alishika kichwa. "Mama Yustina, unatuua."

Yustina alikuwa bado ameinama nusu. Alitazama sakafu ya sementi iliyofagiwa, na ndoo ya maji ya kunywa pembeni. Kitu kama tabasamu kilimpitia, kikakosa nguvu ya kukaa.

"Bibi yangu aliniachia sheria ya udongo," alisema. "Ya maji hakuniachia."

Wanaume walitolewa nje. Walikwenda kusimama juani nyuma ya ofisi, Xavery mbele, kijana wa ramani nyuma. Madirisha yakafungwa. Wanawake wenye kudai waliwekwa nje, upande wa pili, na Siwema akabaki ndani na Yustina.

Yustina alichovya kidole kwenye ndoo akachora wa kwanza. Mduara, njia iliyonyooka, njia inayopinda, wanawake waliokaa, na ile ya katikati. Sementi ilikuwa ya moto. Mstari wa kwanza ulikuwa umeanza kukauka kabla wa mwisho haujachorwa. Siwema alipiga magoti akautazama kwa macho makali ya mtu aliyezoea kukagua stakabadhi. Sakafu ikawa kavu, hakuna kitu. Hapakuwa na cha kuiga.

Akaingia wa pili. Akachora. Siwema alishika mdomo. Ukakauka. Akaingia wa tatu, na wa nne. Mikono tofauti, mmoja mnene, mmoja unaotetemeka, mchoro ule ule. Hata ya katikati.

Wa mwisho alikuwa Adelina. Alichora yote sawa, kisha akaongeza mstari mmoja kutoka upande wa machweo ya jua, mrefu, wenye vituo vingi.

"Huu haumo," Siwema alisema.

"Huu ni wa mama," Adelina alisema, akaendelea kuukoleza maji usikauke. "Mwaka sabini na mbili alikuja kwa miguu kutoka Burundi na mimba yangu. Uchungu ulimkamata karibu na hapa. Kuna wanawake walimpeleka kwenye jiwe. Hawakumwuliza kabila. Nilizaliwa pale. Walimwambia: ongeza njia uliyokuja nayo."

Siwema alimgeukia Yustina. "Ni kweli, Bibi?"

Yustina alikuwa amekaa ukutani juu ya merikani yake, miguu imenyooka. "Nilikuwa mmoja wao," alisema. "Alipiga kelele yule, mpaka vyura walihama. Sikujua kama alifundisha mtu."

Mstari wa Burundi ulikuwa wa mwisho kukauka.

Siwema alifungua mlango na madirisha. Wanaume waliingia wakipangusa jasho, wakatazama sakafuni kwanza, kila mmoja.

"Uko wapi?" Xavery aliuliza.

"Umekauka."

"Mtendaji!"

"Nimeona mitano, ya mikono mitano, imefanana. Naandika kwenye muhtasari kwamba jiwe lina wenyewe na mipaka yake wanaijua. Mwekezaji aonyeshwe kilima kingine. Kama una pingamizi, mwenyekiti, liseme sasa, na useme pia ulizaliwa wapi."

Xavery alitazama dirishani, akawakuta wanawake wote wamemkazia macho. Alikohoa.

"Iandikwe," alisema. "Lakini lazima iende wilayani. Wao ndio wataweka muhuri. Bibi atahitajika kwenda huko kuthibitisha. Labda mwezi ujao. Labda..."

Walimgeukia Yustina wote. Alikuwa amelalia ubavu sakafuni, kichwa juu ya merikani iliyokunjwa, mkono wa rangi ya chai chini ya shavu.

"Nendeni na Adelina," alisema bila kufumbua macho. "Mwingine naye aende. Kumbe mko wengi." Akavuta pumzi. "Miaka arobaini yote hii, kumbe ningeweza kulala."

Mtoto wa Tekla akaanza kulia. Hakuna aliyemwamsha Yustina. Wajumbe walimzunguka kwa vidole vya miguu, na ajenda ya pili, iliyohusu mbuzi, ikasomwa kwa kunong'ona.